Gari limefungwa klampu? Hizi ndizo hatua za kupinga adhabu ya maegesho

DEREVA anayerudi kwenye gari lake Moi Avenue jijini Nairobi, au Digo Road mjini Mombasa, na kukuta gurudumu limefungwa klampu, huwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kulipa anachodaiwa na kwenda zake. Ya pili ni kumvuta askari wa kaunti kando na kumtilia "kitu kidogo" mkononi. Ya tatu, ambayo wengi hawaijaribu, ni kuipinga adhabu hiyo kwa utaratibu wa sheria.

Si kwamba madereva hawajui kulalamika. Kinachowavunja moyo ni kuwa katika suala la maegesho, adhabu hutangulia kesi. Kwa kawaida mtu anayedaiwa kuvunja sheria husikilizwa kwanza, na akipatikana na hatia ndipo hutozwa faini. Mwenye gari hufungiwa gurudumu kwanza, hulipa, kisha ndipo huanza kutafuta mtu wa kumsikiliza. Kila saa anayobishana barabarani ni saa ya kazi iliyopotea, na gari likivutwa hadi yadi gharama huzidi kupanda.

Kwa sababu hiyo, anayekusudia kupinga hana budi kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa: kulikomboa gari na kukubali kosa. Kulipa ili gari lifunguliwe si lazima kuwe ni kukiri kwamba ulikosa. La muhimu ni kuweka wazi kwa maandishi kwamba unalipa huku ukipinga, na kukusanya ushahidi kabla ya gari kuondoka mahali hapo. Mabishano yenyewe yanaweza kungoja hadi kesho.

Nani aliyekuadhibu?

Hatua ya kwanza ni kutambua ni nani hasa anayekudai. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, uchukuzi wa kaunti, zikiwemo barabara za kaunti, trafiki na maegesho, ni jukumu la serikali za kaunti. Serikali hizo zilirithi kazi hiyo mwaka 2013 kutoka kwa mabaraza ya miji, na ndiyo maana wananchi wengi wangali wanawaita askari wake "kanjo".

Hata hivyo, kaunti si mamlaka ya pekee barabarani. Polisi wa trafiki wana uwezo wao chini ya Sheria ya Trafiki, hasa gari linapoziba njia. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA, na baadhi ya barabara za mijini ziko chini ya KURA, mashirika yaliyoundwa na Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007. Kando na hao, maduka makubwa, hospitali na majumba ya ofisi yana viwanja vya kibinafsi vinavyolindwa na mabawabu wa kampuni.

Tofauti hii ni ya maana. Barua iliyopelekwa afisi isiyohusika hukaa huko wiki nzima bila kujibiwa. Kwa hivyo, soma notisi uliyopewa au iliyobandikwa kwenye kioo, uone jina la taasisi, nambari ya notisi, kosa linalodaiwa na sheria iliyotajwa. Ikiwa hakuna notisi yoyote, mwombe afisa aliyepo akueleze mambo hayo na uyaandike.

Sheria inasemaje?

Kifungu 209 cha Katiba kinaziruhusu serikali za kaunti kutoza ada kwa huduma zinazotoa, na maegesho ni mojawapo. Viwango vya ada huwekwa katika Sheria ya Fedha ambayo bunge la kaunti hupitisha. Mathalan, ni kupitia sheria ya namna hiyo ambapo Nairobi ilipandisha ada ya siku ya kuegesha gari dogo katikati ya jiji kutoka Sh140 hadi Sh300 mwaka 2013, hatua iliyozua malalamishi makubwa.

Funzo kwa dereva ni kwamba kiasi anachotaja askari hakiwi halali kwa sababu tu amekitaja. Sharti kiwe kimeandikwa katika sheria, iwe ni ada ya siku, malipo ya kufungua klampu, gharama ya kuvuta gari au ya kulihifadhi yadini. Una haki ya kuuliza ni kifungu kipi kinachotumika.

Ulinzi mkubwa zaidi umo katika Kifungu 47, kinachompa kila mtu haki ya kutendewa na maafisa wa umma kwa njia ya haraka, yenye haki na inayofuata sheria. Mtu ambaye haki yake imeathiriwa, au huenda ikaathiriwa, na uamuzi wa afisa wa umma anastahili kupewa sababu kwa maandishi. Bunge lilitilia nguvu kifungu hicho kwa Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya 2015, inayotaka mwananchi apewe notisi, nafasi ya kujieleza na maelezo ya namna ya kuomba uamuzi upitiwe upya.

Sababu zenye uzito

Si kila lalamishi litafaulu. Zifuatazo ni sababu ambazo afisa au hakimu anaweza kuzisikiliza.

Kwanza, kwamba ulikuwa umelipa. Mara nyingine malipo yamefanywa kwa simu lakini hayajaonekana kwenye kifaa cha askari, au mlipaji alikosea herufi moja ya nambari ya gari. Ujumbe wa malipo wenye tarehe, saa na kiasi ndio utakaoamua.

Pili, kwamba hapakuwa na alama. Endapo kibao kimeanguka, kimefunikwa na matawi, au mistari ya rangi imefutika kabisa, dereva mgeni hangeweza kujua kwamba mahali hapo hapaegeshwi.

Tatu, kwamba gari halikuwa lako au halikuwa mikononi mwako. Kifungu 8 cha Sheria ya Trafiki kinamchukua mtu aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Aliyeuza gari na asibadilishe usajili kwa NTSA huweza kuandamwa na madeni ya mwenzake. Mkataba wa mauzo, au ripoti ya polisi iwapo gari liliibwa, ndivyo vitakavyomwokoa.

Nne, kwamba kiasi ulichotozwa hakilingani na Sheria ya Fedha inayotumika, au ulitozwa gharama ya kuvutwa ilhali gari halikuvutwa.

Tano, dharura ya kweli: gari liliharibika, au ulikuwa ukimkimbiza mgonjwa. Hapa utahitaji risiti ya fundi au hati ya hospitali.

Sita, makosa katika notisi yenyewe, kama vile mahali, saa au nambari ya gari isiyo sahihi.

Kwa upande mwingine, kusema kwamba ulikawia dakika tano tu, kwamba magari mengine yalikuwa hapo bila kuguswa, au kwamba simu iliishiwa na moto, hakutakusaidia sana. Askari akikutukana au kukusukuma, hilo ni kosa lake na unaweza kumshtaki, lakini liandikie lalamishi tofauti. Ukilichanganya na suala la ada, barua yako itasomwa kama hasira.

Kabla gari halijaondoka

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ushahidi wa maegesho hutoweka upesi: kibao kinaweza kurudishwa, rangi ikapakwa upya na magari ya jirani yakaondoka. Tumia dakika chache za mwanzo kufanya yafuatayo.

Piga picha ya gari zima pamoja na barabara, picha ya nambari ya gari, ya klampu na ya notisi. Piga nyingine ya kibao kilicho karibu, au ya mahali ambapo kibao kingepaswa kuwa. Gari likiwa linavutwa, piga picha kila upande wake ili likipata mkwaruzo uwe na cha kuonyesha.

Andika saa kwa uangalifu. Ujumbe wa simu hutumia saa za kimataifa, ilhali wengi wetu huzungumza kwa saa za Kiswahili. Aliyelipa saa mbili na nusu asubuhi ataona 8:30 kwenye ujumbe. Ukiziandika saa zote mbili hakuna atakayedai kwamba maelezo yako yanapingana.

Andika nambari ya kazi ya afisa na nambari za simu za mashahidi, kwa mfano mwenye duka aliyeona kilichotokea. Usifute ujumbe wa malipo. Mifumo ya kulipia maegesho hubadilika, kama ilivyokuwa Nairobi ambako JamboPay iliyoanza kutumiwa 2014 iliachwa 2019, nawe hutaki kutegemea kumbukumbu za mfumo uliofungwa.

Picha za simu hukubaliwa mahakamani. Hata hivyo, Kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na namna nakala ilivyotolewa. Kwa hivyo hifadhi picha za asili katika simu iliyozipiga.

Kuna mambo mawili ya kuepuka. Usivunje klampu, kwani unaweza kushtakiwa kwa kuharibu mali, na kesi uliyokuwa uishinde ikageuka. Pia usitoe hongo. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa na anayepokea wote wana hatia. Isitoshe, aliyetoa hongo hana risiti, na asiye na risiti hana la kudai.

Kulipa huku ukipinga

Ukihitaji gari siku hiyo, lipa kupitia njia rasmi pekee na udai stakabadhi. Ikiwa kuna karatasi ya kutia saini, andika juu yake: "Nimelipa huku nikipinga." Piga picha ya maandishi hayo. Ukilipa kwa simu, ambako hakuna nafasi ya kuandika, tuma ujumbe au barua pepe kwa afisi husika siku hiyo hiyo ukisema vivyo hivyo. Tarehe ya ujumbe huo itaonyesha kwamba hukungoja hadi ukashauriwa na marafiki.

Barua ya kupinga

Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Iandike kwa Kiswahili au Kiingereza. Kifungu 7 cha Katiba kinazitambua zote mbili kuwa lugha rasmi. Mfano ni huu:

"Kwa Afisa Msimamizi wa Maegesho. KUH: Kupinga adhabu ya maegesho, gari nambari (andika nambari), notisi nambari (andika nambari).

Mimi ndimi mwenye gari lililotajwa hapo juu. Mnamo (tarehe), saa nne na dakika kumi asubuhi (10:10), gari hilo lilifungwa klampu katika barabara ya (jina), mbele ya jengo la (jina), kwa madai kwamba ada ya siku haikuwa imelipwa.

Ada hiyo ililipwa siku hiyo saa mbili na dakika thelathini na tano asubuhi (8:35). Nimeambatisha nakala ya ujumbe wa malipo na picha nne. Nililipa Sh(kiasi) ili gari lifunguliwe, na nilieleza siku hiyo hiyo kwamba nalipa huku nikipinga.

Naomba adhabu hii ifutwe na nirejeshewe fedha nilizolipa. Iwapo ombi hili litakataliwa, naomba nipewe sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha sheria kilichotumika, kwa mujibu wa Kifungu 47 cha Katiba."

Ipeleke mwenyewe ukiwa na nakala mbili, na uhakikishe nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ndio utakaoonyesha baadaye kwamba ulianza kwa kuijia afisi yenyewe. Usitoe hati za asili, peana nakala.

Wakinyamaza

Afisi nyingi hazijibu barua ya kwanza. Andika ya pili ukitaja tarehe ya ile ya awali. Ukihitaji hati, kwa mfano picha zilizopigwa na askari au orodha ya ada, omba chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa taasisi ya umma siku 21 kukujibu.

Hatua inayofuata ni Tume ya Haki za Utawala, maarufu kama Afisi ya Ombudsman, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Tume hiyo hupokea malalamishi kuhusu ucheleweshaji, ukimya na matumizi mabaya ya mamlaka katika afisi za umma, na haitozi mlalamishi chochote. Askari aliyedai hongo aripotiwe kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC).

Anayetaka kurejeshewa fedha au kulipwa kwa gari lililoharibiwa likivutwa anaweza kufikiria Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021. Mahakama hiyo hushughulikia madai yasiyozidi Sh1 milioni, hailazimishi mtu kuwa na wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60 tangu ilipowasilishwa. Kabla ya kwenda huko, pima gharama na muda wako dhidi ya kiasi unachodai.

Mahakama Kuu nayo inaweza kubatilisha uamuzi wa kaunti, lakini kwa kawaida itataka kujua kama ulimaliza kwanza njia za ndani za kulalamika. Gharama yake ni kubwa kwa adhabu ya mtu mmoja. Njia hiyo hufaa zaidi wakazi au wafanyabiashara wa mtaa mmoja wanapopinga kwa pamoja jambo linalowagusa wote, kama vile ada iliyowekwa bila kufuata sheria.

Ukifikishwa kortini

Huenda ukashtakiwa badala ya kutozwa barabarani. Polisi wakikupa notisi ya kosa dogo la trafiki chini ya kanuni za 2016, una hiari ya kukubali kosa na kulipa, au kufika mahakamani kujitetea. Kesi za kaunti pia huamuliwa na mahakimu wa Idara ya Mahakama, wala si wafanyakazi wa kaunti.

Ukikamatwa, Kifungu 49 kinataka ufikishwe kortini haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa siku ambazo mahakama hazifanyi kazi. Kifungu hicho pia kinakataza kuzuiliwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kifungu 50 nacho kinakupa haki ya kuelezwa shtaka kikamilifu, kupata muda wa kujiandaa, kuona mapema ushahidi wa upande wa mashtaka, na kusaidiwa na mkalimani bila malipo ikiwa huelewi lugha inayotumika.

Fikiri kabla ya kukubali shtaka ili mambo yaishe. Kifungu 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinamzuia aliyekiri kosa kukata rufaa dhidi ya hatia. Anaweza kupinga adhabu pekee. Ukikana, jiandae kurudi kortini zaidi ya mara moja. Ukipatikana na hatia baada ya kukana, una siku 14 za kukata rufaa.

Viwanja vya kibinafsi

Katika uwanja wa jumba la biashara, uhusiano wako na mwenye uwanja ni wa makubaliano. Masharti ni yale yaliyobandikwa mlangoni au kuchapishwa kwenye tiketi. Sharti ambalo hukuonyeshwa kabla ya kuingia ni vigumu kukufunga. Anza kwa meneja wa jengo, kwa maandishi, kisha utumie Mahakama ya Madai Madogo ikibidi. Bawabu wa kampuni si askari wa kaunti, na malipo anayodai si faini ya serikali.

Kinachokosekana

Kwingineko tatizo hili limeshughulikiwa kwa kurudisha mambo katika utaratibu wake. Nchini Uingereza, aliyepewa tiketi na baraza la mji huwa na siku 28 za kulipa, na hulipa nusu iwapo atalipa katika siku 14 za mwanzo. Akipinga na baraza likakataa, anaweza kukata rufaa bila malipo kwa mwamuzi huru asiyeajiriwa na baraza hilo. Tangu Oktoba 1, 2012, kufunga magari klampu katika viwanja vya kibinafsi kumepigwa marufuku England na Wales.

Hakuna kinachozizuia kaunti zetu kuwa na mwamuzi kama huyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti ili litunge, lirekebishe au lifute sheria. Wenye magari wanaokusanya barua zilizopuuzwa, zenye mihuri na tarehe, wana ushahidi wa kutosha wa kumpelekea mwakilishi wa wadi yao na kumtaka aubebe hadi bungeni. Sheria ya Fedha hufikishwa kwa umma ili utoe maoni kabla ya kupitishwa, na huo ndio wakati unaofaa wa kudai kwamba klampu isifungwe kabla ya dereva kusikilizwa.